Mzazi aitazame filamu ya kisayansi kabla ya mwanawe

Mhariri,

Likizo ya Agosti inabisha hodi, na watoto wengi wa Nairobi wataimaliza mbele ya runinga. Ninaandika kuwarai wazazi wenzangu kwamba filamu za bunilizi ya kisayansi, yaani zile za roboti, vyombo vya angani na viumbe kutoka sayari nyingine, zichaguliwe kwa makini kuliko tunavyofanya sasa, na zitazamwe mzazi na mtoto wakiwa wameketi pamoja.

Wengi wetu huchagua kwa picha ya jalada. Tukiona katuni twaamini ni ya watoto. Tukiona dinosaria, vivyo hivyo. Katika duka moja la filamu mtaani kwetu niliomba filamu za kisayansi za mtoto wa miaka minane, na miongoni mwa zile nilizowekewa kwenye flashi ilikuwamo District 9 ya mwaka wa 2009. Chombo cha wageni kutoka angani kinaning'inia juu ya jiji la Johannesburg, na kwa kuwa hadithi ni ya hapa barani, mzazi anaweza kudhani amempata mwanawe kitu cha nyumbani. Ni filamu nzuri kuhusu ubaguzi, lakini imejaa matusi na miili inayolipuliwa, na mtoto wa umri huo hana lake pale.

Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) huzipa filamu alama: GE kwa watazamaji wote, PG kwa zinazohitaji mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Alama hizo ni mwanzo mwema, na ningependa kila muuzaji azionyeshe, ila haziwezi kumwambia mzazi ni kitu gani hasa kitakachomtia hofu mtoto wake. Chukua E.T. ya Steven Spielberg, filamu ya kiumbe wa angani aliyeachwa Duniani, iliyotoka mwaka wa 1982. Kila mtu anaikumbuka kwa ile baiskeli inayopaa mbele ya mwezi. Wanaokumbuka kiumbe yule akiwa amelala kando ya kijito, ngozi imepauka, au watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakiivamia nyumba ya watoto, ni wachache. Mtoto aliyetoka kumwona nyanya yake akiwa mahututi hospitalini ataitazama sehemu hiyo kwa moyo mwingine kabisa, na ni mzazi aliyeitazama mapema tu atakayejua pa kuisimamisha na la kusema.

Mimi hujiuliza mashine ya kubuni ina kazi gani katika hadithi. Iwapo roboti anaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa mtu mwenye bunduki bila hadithi kubadilika, hiyo ni filamu ya vita iliyovishwa bati, na za namna hiyo ndizo nyingi. Ninayoitafuta ni ile ambayo uvumbuzi wenyewe unamfanya mtoto aulize.

WALL-E ya mwaka wa 2008 hufanya hivyo vizuri mno. Binadamu wameihama Dunia iliyofurika taka, na roboti mdogo aliyeachwa nyuma anazibana taka hizo ziwe matofali na kuyapanga hadi yanafikia urefu wa maghorofa. Sehemu ndefu ya mwanzo haina mazungumzo ila machache sana, jambo linalomfaa mtoto ambaye bado Kiingereza cha Wamarekani kinampiga chenga. Roboti anapoutia mche mmoja ndani ya kiatu kikuukuu, binti yangu aliniuliza, "Baba, kwani hakuna udongo mwingine?" Tuliisimamisha filamu tukazungumza kuhusu jaa la Dandora, kuhusu mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, na kuhusu watu wanaojikimu kwa kuchambua tunavyotupa sisi. Filamu ilikwisha tukiwa tumechelewa kulala, na sikujali.

Kwa mtoto aliyefikisha miaka kumi hivi, napendekeza Pumzi ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka wa 2009 na yenye urefu wa dakika ishirini na moja hivi. Baada ya vita vya kugombea maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa kufanya mazoezi, na hata mkojo na jasho husafishwa vinyweke tena. Mtoto atacheka kwanza. Lakini aliyezoea mgao wa maji na mitungi iliyopangwa jikoni hatahitaji kuelezwa mengi. Mwisho wake una huzuni, kwa hiyo mzazi asiinuke kabla haujafika.

Kuna jambo jingine linalonigusa. Filamu nyingi za aina hii huwafanya watoto wetu waamini kwamba anga ni ya Wamarekani. Mzazi anaweza kumweleza mwanawe kwamba setilaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza iliyotengewa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na kwamba setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023, ingawa ilirushiwa Marekani.

Kwa hayo, Mhariri, ninaliomba gazeti lako litenge nafasi katika toleo la mwishoni mwa wiki, angalau msimu wa likizo, ya kuchambua filamu moja ya kisayansi kwa ajili ya wazazi. Uchambuzi huo utaje umri unaofaa, utaje waziwazi sehemu za kutisha zinatokea wakati gani, na useme kama filamu inapatikana ikiwa na sauti au maandishi ya Kiswahili, kwa maana nyumba nyingi hapa jijini zina nyanya na mashangazi wanaobaki na watoto mchana kutwa na ambao wangependa kuifuata hadithi pia.

Mzazi,
Donholm, Nairobi