Kansa ikirudi baada ya kemo, asilaumiwe mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maneno yanayowaumiza wagonjwa wa kansa huku kwetu Rungwe na Mbeya kwa ujumla. Mtu anaanza kemo, yaani tiba ya dawa za kuua seli za kansa, uvimbe unanywea, ndugu wanamshukuru Mungu. Miezi inapita, uvimbe unarudi, na safari hii dawa zile zile haziufanyi kitu. Hapo utasikia: amevunja mwiko, amelogwa, amepewa dawa feki, hana imani. Nafundisha baiolojia, na nimemuuguza mama yangu mdogo mwenye kansa ya titi. Alisemwa hivyo hadi akaona aibu kwenda kanisani, ilhali hakukosa dozi hata moja.

Usugu huo unatoka ndani ya seli zenyewe. Uvimbe mmoja una mamilioni kwa mamilioni ya seli, na hazifanani. Kadiri zinavyogawanyika ndivyo vinasaba vyake vinavyozidi kutofautiana. Dawa inaua zinazodhurika nayo, na chache zilizosalia ndizo zinazozaliana. Baadhi ya hizo hurekebisha upesi DNA iliyokatwa na dawa. Nyingine zimepoteza protini ya p53, inayoiamuru seli iliyoharibika ife. Nyingine hutulia tu bila kugawanyika, na kemo nyingi hulenga seli zinazogawanyika.

Njia inayonishangaza kuliko zote ni pampu. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling, wakiwa Kanada, walikuta kwenye utando wa seli sugu protini waliyoiita P-glikoprotini. Kazi yake ni kuikamata dawa iliyoingia na kuitoa nje kabla haijaleta madhara. Tena haichagui: dawa za kemo kama doksorubisini, vinkristini na paklitakseli, zote huzitoa. Ndiyo maana seli iliyozoea dawa moja inaweza kukataa hata ile ambayo haijawahi kukutana nayo. Wataalamu walijaribu kuiziba pampu hiyo, wakianza na verapamili, dawa ya presha na moyo. Maabara ilileta matumaini makubwa. Kwa wagonjwa mambo yakawa magumu, kwani dozi ya kutosha kuiziba ilihatarisha moyo, na pampu hiyo hiyo ipo kwenye utumbo, ini, figo na mishipa ya ubongo, ikitukinga na sumu.

Kilichofaulu zaidi ni kuchanganya dawa. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba aminopterini imewapa nafuu watoto wenye kansa ya damu, lakini nafuu hiyo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Marekani wakaanza kuwapa watoto hao dawa nne kwa pamoja, kila moja ikishambulia kwa njia yake. Leo, penye huduma kamili, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye aina ya kansa ya damu inayowapata zaidi wanapona. Mkulima wa viazi wa Isyonje hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anajua kinachompata anayepiga dawa moja ya ukungu msimu baada ya msimu.

Kuna pia kupima badiliko lenyewe la kinasaba. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ilibadili maisha ya wenye aina mojawapo ya kansa ya damu. Badiliko moja tu la kinasaba, liitwalo T315I, huifanya ishindwe. Mwaka 2012 ikaidhinishwa dawa nyingine, ponatinibu, inayoweza kulikabili badiliko hilo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Viongozi wa dini na wazee wa ukoo wakemee lawama hizi hadharani, misibani na ibadani. La pili ni la Wizara ya Afya. Kila mzunguko wa kemo huua sehemu tu ya seli, na dozi nyingi hupangwa kila baada ya siku 21 ili mwili upumue bila kuipa kansa nafasi ndefu ya kukua tena. Mgonjwa wa Ileje au Makete anayetakiwa kufika hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, anasafiri mamia ya kilomita na kuvuka mlima Kitonga akiwa anatapika. Nauli ikikosekana, tarehe inapita. Mzunguko wowote unaoweza kutolewa kwa usalama Nyanda za Juu Kusini utolewe huku, na anayelazimika kwenda Dar asaidiwe nauli kabla ya tarehe yake.

Mwalimu wa Baiolojia,
Tukuyu, Mbeya