Kikao cha Kufunga Mwaka na Kupanga Malengo ya 2026

Ndugu wanakikundi, habari za jioni, na poleni na shughuli za sokoni.

Kikao chetu cha kufunga mwaka kitafanyika Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2025, saa 8:00 mchana, katika ukumbi tuliotumia mwezi Septemba, karibu na Soko la Majengo. Mchango wa ukumbi na chai ni shilingi 5,000 kwa kila mmoja, na umfikie mhazini kabla ya Alhamisi.

Tafadhali njooni na:

1. Daftari la mauzo na matumizi, hata kama kuna miezi iliyorukwa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu, nami nikiwemo, tulichota mtaji kidogo kidogo kwa ada na mahitaji ya nyumbani bila kuandika, na sasa hatujui kama biashara ilipata faida au ilijila yenyewe.
2. Orodha ya madeni, mnayodai na mnayodaiwa.
3. Malengo mawili tu ya 2026, kila moja likiwa na kiasi na mwezi. Wauzaji wa zabibu na alizeti wazingatie misimu, na sote tukumbuke kwamba makadirio ya kodi ya mapato hufanywa TRA kabla ya Machi kuisha.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kwa kuandika "Nitakuwepo" kufikia Jumatano saa 2:00 usiku. Atakayepata udhuru anitumie ujumbe binafsi, ili tupange siku nyingine ya kupitia daftari lake.

Mratibu wenu