Baba, kuhusu lile jiwe la Mtakatifu Petro

Roma

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Huku mimi ni mzima, natumaini nanyi hapo Bagamoyo hamjambo.

Uliniuliza kwenye simu lile jiwe refu mnaloliona kwenye runinga, katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro, linatafuta nini pale wakati halina sura ya kikanisa. Una haki ya kushangaa. Lilitoka Misri, akalileta Roma Kaisari Caligula, mpagani kabisa. Mwaka 1586 Papa Sixtus V akaamuru litolewe ubavuni mwa kanisa lisimamishwe mbele. Ni jiwe moja lisilo na kiungo, mita 25 hivi. Fundi Domenico Fontana alitumia watu wapatao 900, farasi, kamba na roda; wewe uliyepandisha boriti maisha yako yote ungekesha ukiitazama michoro yake. Liliposimama, wakaweka msalaba kileleni. Papa huyohuyo akalibomoa Septizodium, jengo la Kaisari Septimius Severus, apate mawe ya kujengea.

Mapapa wa zama zile ndivyo walivyokuwa: mkono mmoja unajenga Roma ya makaisari, wa pili unaivunja. Waliporudi kutoka Avignon, mji wa Ufaransa walikokuwa wamehamia, waliukuta mji wa Roma umesinyaa, ng'ombe wanalishwa kwenye Forum, uwanja mkuu wa Roma ya kale, wakataka fahari ya kale irudi, ila sasa iwe yao. Papa Nicholas V alichukua mawe ya Colosseum, ule uwanja wa michezo wa makaisari. Pius II akapiga marufuku uharibifu wa magofu mwaka 1462, lakini marumaru ziliendelea kuchomwa ziwe chokaa kama matumbawe ya huko kwetu.

Julius II ndiye aliyenichanganya zaidi. Mwaka 1506 Laocoön, sanamu ya kale ya kipagani, ilifukuliwa kwenye shamba la mizabibu, akainunua haraka. Mwaka huohuo akaanza kubomoa kanisa la zamani la Mtakatifu Petro, alilojenga Kaisari Konstantino, lenye karibu miaka 1,200! Baadaye mchoraji Raphael alimlalamikia Papa Leo X kwa barua kwamba mapapa waliotangulia wameacha mji uharibiwe. Na Raphael mwenyewe alikuwa mtumishi wa mapapa.

Hata hivyo, kila ukuta umeandikwa PONT. MAX., yaani Pontifex Maximus, kuhani mkuu, cheo cha mapapa ambacho alikuwa nacho hata Julius Caesar kabla Kristo hajazaliwa. Waongoza watalii wanalipita hilo mbio mbio.

Michoro ya Fontana nitaituma kwa simu ya mdogo wangu, mwambie akukuzie. Mama asalimiwe, na pesa ya dawa zake ikifika mnijulishe.

Mwanao