Jani la Sale Kutoka Leipzig

Leipzig, Ujerumani
28 Desemba

Baba Manka,

Shimboni? Mama Manka hajambo? Na huyo mtoto niliyeshindwa kumsimamia ubatizo, anaendeleaje? Tafadhali usiichane barua hii kwanza. Tangu tarehe 20 hujibu meseji zangu, na haki unayo. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla ya hilo la kwetu, nikusimulie Krismasi ya huku. Tulikuwa Wachaga watatu: mimi, dada mmoja wa Rombo anayesomea uuguzi, na kijana wa Machame ambaye akishapata glasi mbili anaanza kudai kwamba Uchagani kwenyewe ni Machame, kwingine ni vitongoji. Mbuzi mzima usiniulize. Nilipata mguu kwenye bucha ya Waarabu kule Eisenbahnstraße, tukaubanika ndani ya oveni mpaka king'ora cha moshi kikalia. Machalari tulipikia ndizi mzuzu maana zile ndizi zetu za mchare hazipo, ikatoka tamu kama futari. Kisusio, ile supu yetu ya damu, hata hatukuthubutu.

Iliyonitia aibu ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu zipo, za Ecuador, zote sura moja kama zimefyatuliwa. Ulezi nao nikaupata duka la Wahindi, ila ni unga tayari, na ulezi usiooteshwa unajua mwenyewe, huo ni uji. Sikukata tamaa. Nikachemsha ndizi, nikaziacha kwenye ndoo pembeni ya hita siku nne, nikachuja, nikachanganya na uji wangu, nikajaza chupa mbili na kukaza vifuniko. Usiku wa tarehe 23 moja ikapasuka. Bibi wa Kijerumani anayekaa chini yangu akapanda na kandambili kuja kuuliza kuna nini. Nikamwonjesha iliyobaki. Akameza, akatafakari sana, akasema marehemu baba yake alikuwa akitengeneza kitu kibaya zaidi ya hiki.

Huku sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24. Maduka yanafungwa mchana, saa kumi jua limeshazama, na mitaa inanyamaza utadhani kuna msiba wa taifa. Nilikwenda ibadani Thomaskirche, kanisa alilofanyia kazi Bach, yule mtunzi wa muziki. Nimekaa pale nawaza kwamba ni misheni ya mji huu iliyotuletea Ulutheri mwaka 1893, lakini hili la kupanda nyumbani Kilimanjaro kila Desemba kwenda kuhesabiwa hawakutufundisha wao. Ibada ilipoisha kila mtu akakimbilia kwake. Kwetu saa ile kuna shangazi amesimama uani anauliza nani bado hajafika.

Tarehe 25 nikapiga simu ya video, huku saa nne asubuhi, Marangu saa sita. Mzee alikuwa mgombani anagawa nyama juu ya majani ya mgomba. Akaita wajomba, akamwita kaka, kila mmoja anakuja kuchukua fungu lake. Kisha akaita jina langu. Hakusogea mtu. Aliyeshika simu akaielekeza kwenye lile fungu: mbavu mbili, ini kidogo, na nzi mmoja juu yake. Baba mdogo akasema nyama itaharibika, akalibeba. Ndiye huyohuyo aliyekula la mwaka jana.

Sasa la kwetu. Tangu mwanzoni mwa mwezi nilijua karatasi zangu za ukaazi hazitatoka kabla ya mwaka mpya, na nikiondoka bila hizo kurudi ingekuwa kazi. Hilo halikuwa mikononi mwangu. Kilichokuwa mikononi mwangu ni simu. Nikakuacha ukodi maturubai, ukampelekea mchungaji jina langu, huku nimenyamaza nikijidanganya kwamba mambo yatajipa. Tarehe 26 mwanao akashikwa na mtu uliyemwomba siku hiyohiyo, mlangoni mwa kanisa. Kaka ameniambia.

Kwenye chumba cha kusubiria cha ofisi ile ya vibali kuna chungu dirishani, na ndani yake mmea wa sale, ule tunaoombeana nao msamaha. Sale kabisa, kama lile la mpakani mwa kihamba chenu na chetu, kati ya migomba yenu na yetu. Huku wanaliuza kama pambo, lina kibandiko cha bei. Siku niliyoambiwa nirudi Januari nilisimama karibu nalo mpaka mlinzi akaniuliza kama natafuta kitu. Baadaye nikanunua la kwangu.

Jani lililomo ndani ya bahasha nimelikata jana. Litakufikia limekauka, na sijui kama wazee wanalitambua sale la dukani. Mpelekee mzee wako aamue. Hela ya mbuzi wa Manka iko kwa kaka, lakini mbuzi mchague mwenyewe, kaka hajui mbuzi. Ukilipokea usijisumbue kuandika, nibipu tu.

Najua sale halikataliwi, kwa hiyo ni kama nimekufunga mikono. Nisamehe na hilo.

Ni mimi,
msimamizi mtoro