Mheshimiwa Waziri wa Maji, twataka kujua munyu umo kiasi gani

Kwa Waziri wa Maji, Serikali ya Kaunti ya Lamu.

Assalamu alaikum, Mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa kemia, mzaliwa wa hapa Amu. Nakuandikia kuhusu majibu ya maabara yasiyokuwa na tarakimu.

Mwaka jana, mwisho wa kaskazi, nilipeleka maji ya kisima cha nyumbani kwetu yakapimwe. Ofisi iliyonipokea sitaitaja. Baada ya wiki tatu nilipewa karatasi yenye muhuri na mstari mmoja: kloraidi imo, maji yanafaa. Nikaigeuza nyuma nikitafuta kiasi. Nyuma kulikuwa kweupe.

Kloraidi, ambayo ni sehemu ya munyu, itakosaje kuwemo, na sisi tumezungukwa na bahari? Kuna kuuliza kama kitu kimo, na kuna kuuliza kimo kiasi gani. Swali la kwanza marehemu nyanya yangu alilijibu kwa kata ya nazi: alichota, akaonja, akasema haya yana munyu. Maabara tunaihitaji kwa swali la pili.

Basi niliyapima mwenyewe maji yaliyobaki, katika maabara ya shule, kwa njia ya Mjerumani Karl Friedrich Mohr, ambayo imetumika tangu karne ya 19. Nilipima kwa pipeti mililita 50 za maji, nikatia matone machache ya kromati ya potasiamu, yakawa manjano. Chini ya chupa niliweka kigae cheupe ili rangi isinidanganye. Kisha nikafungua bureti, mrija wa kioo wenye mistari ya vipimo, nitrati ya fedha ikaanza kudondoka. Fedha huikamata kloraidi kwanza, na maji yakafifia kama yaliyotiwa tui. Kila tone liliacha doa jekundu, nikitikisa, linapotea. Kloraidi ilipokwisha, fedha ikaigeukia kromati, na doa halikupotea tena. Maji yote yakashika wekundu hafifu wa tofali. Hapo ndipo pa kufunga na kusoma, jicho likiwa usawa mmoja na mstari. Ukizidisha, umeharibu, uanze upya.

Nilirudia mara tatu, na nitrati ya fedha iliyotumika ilikuwa mililita 41.6, 41.5 na 41.7. Maji yaliyochujwa kwa mvuke, ambayo hayana kloraidi, nayo yalikula 0.2 kabla ya kugeuka rangi, kwa hiyo niliitoa. Kila mililita ya dawa yangu hiyo ya fedha hukamata nusu miligramu ya kloraidi. Hesabu ikatoka miligramu 414 kwa lita.

Shirika la Afya Duniani linasema kloraidi ikipita miligramu 250 kwa lita, ladha huanza kujulikana. Hiyo 414 haiui mtu. Lakini masika ikipita nitapima tena, na mwakani tena, nijue munyu unapanda au unashuka. Neno "imo" litanionyesha nini? Maji matamu ya kisiwa, kuanzia machuguu ya mchanga ya Shela yanayounywesha mji huu, yameelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ardhini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukivuta mengi kuliko mvua inavyorudisha, ya chini hupanda. Hupanda polepole, mwezi kwa mwezi, na ulimi huzoea.

Kinachoniondolea usingizi hasa ni nitrati itokayo kwenye uchafu wa vyoo. Mitaa yetu imebanana, kisima na shimo la choo vimetenganishwa na ukuta tu, na nitrati haina ladha, haina harufu, haina rangi. Kiwango cha Shirika hilo ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa, kwani nitrati ikizidi huizuia damu yao kubeba oksijeni. Mama huyachemsha maji akidhani ameyasafisha. Kuchemsha huua vijidudu, nitrati hakuitoi. Maji yanavyopungua jikoni, nitrati huzidi ndani ya kila kikombe. Kwa mama huyo, karatasi ya "imo, yanafaa" ni hatari kuliko kukosa karatasi.

Ombi langu, Mheshimiwa: kila kisima cha umma, na vile vya misikiti, kipimwe kloraidi na nitrati mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na baada ya masika. Tarakimu zibandikwe hapo hapo kisimani, pamoja na tarehe na njia iliyotumika. Nitrati kwa kawaida hupimwa kwa spektrofotomita, mashine inayopima kwa mwanga, na hiyo shuleni hatuna. Kloraidi haitaki zaidi ya bureti, dawa na mtu mwenye subira, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaiweza bureti.

Jumamosi asubuhi maabara yetu huwa wazi. Mtume afisa wako na chupa za visima vitano avitakavyo, tuvipime pamoja naye, na daftari la hesabu aondoke nalo.

Wako,
Mwalimu wa kemia, Lamu