YAH: Riwaya za watu wazima mlizotuuzia kama hadithi za watoto

Arua, Uganda

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza vitabu wa maktaba ya jamii hapa Arua, ile iliyoagiza kwenu boksi la vitabu vya S1 na S2, madarasa mawili ya kwanza ya sekondari, kwa ajili ya likizo. Boksi lilifika salama kwa basi na malipo mlipokea kwa simu siku ileile; nakala ya risiti na picha za vitabu nimeviambatanisha. Ndani yake, kati ya kamusi za picha na vitabu vya wanyama, mliweka nakala kumi za The Real Story cha Stephen R. Donaldson, kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano unaojulikana kama The Gap Cycle. Kila nakala imebandikwa stika ya njano yenye roketi inayotabasamu na maandishi "Miaka 10–14". Katika orodha yenu ya bei mmekiita "safari ya kusisimua angani kwa vijana".

Ndugu Meneja, kitabu hiki si cha watoto, na hakikuandikwa kwa ajili yao. Ndani yake haramia wa anga aitwaye Angus Thermopyle anamteka askari polisi kijana, Morn Hyland, anampandikiza kifaa kichwani, na kwa kubonyeza rimoti anautawala mwili wake apendavyo. Anamtesa na kumbaka. Mwandishi hapiti mbali na hayo wala hayapambi. Anatukalisha humo mpaka tuone jinsi mtu anavyovunjwa, na jinsi anavyojishikilia ndani kwa ndani asipotee kabisa.

Msichana mmoja wa S2 alikirudisha kabla ya muda wake. Alikuwa ameweka kipande cha gazeti pale alipoishia. Hakulalamika. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyu dada hana ndugu wa kumfuata?" Nilipofungua ukurasa ule na kusoma, nilishindwa kumjibu. Morn alikuwa akisafiri katika chombo kimoja na ndugu zake, baba yake akiwa nahodha, na kilicholipua chombo kile ni mkono wa Morn mwenyewe, alipopandwa na ule ugonjwa unaowashika baadhi ya wasafiri wanaporuka masafa marefu ya anga. Hilo ni jambo zito hata kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 13 alilipokea akiwa peke yake kitandani, kwa sababu stika yenu ilimwambia ni saizi yake. Nakala zote nimezikusanya. Mama yake nimezungumza naye, na mtoto yuko chini ya uangalizi wa mwalimu mlezi wa shule yake. Sitaeleza zaidi ya hapo, maana ni mambo ya familia.

Naomba mnielewe vizuri, kwa sababu kijana wenu wa huduma kwa wateja hakunielewa. Silalamikii riwaya. Usiku ule niliimaliza, kisha nikatafuta vitabu vinne vinavyofuata mpaka nikavipata kwa mfanyakazi wa shirika mmoja hapa mjini anayekusanya hadithi za anga. Ni kazi kubwa. Katika maelezo yaliyo mwishoni mwa kitabu cha kwanza, mwandishi anasema alianza na watu watatu tu: mkosaji, mwathirika na mwokozi, na alitaka kuona wakibadilishana nafasi hadithi inapokwenda. Wazo hilo akalifunga pamoja na opera nne, yaani tamthilia za kuimbwa, za mtunzi Mjerumani Richard Wagner, Der Ring des Nibelungen, zilizoonyeshwa zote kwa mfululizo kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth mwaka 1876. Miungu ya Wagner, waliofungwa na mikataba yao wenyewe, humu wamekuwa wakubwa wa polisi na wenye makampuni. Mfanyakazi wenu angesoma kurasa hizo chache tu, stika ile isingebandikwa.

Na hapo ndipo lalamiko langu la pili linapoanza. Mlituletea kitabu cha kwanza peke yake. Nilipouliza vingine viko wapi, nikajibiwa kwamba "hivyo havitoki haraka". Lakini hii ni hadithi moja iliyogawanywa mara tano, na kitabu cha mwisho kilitoka mwaka 1996. Cha kwanza ndicho kifupi kuliko vyote, na msomaji anayeishia hapo anaachwa na jeraha tupu. Hajui kwamba katika cha pili Morn anaishika ile rimoti kwa mikono yake mwenyewe na kuigeuza silaha, ingawa inamla. Hajui kwamba yule Angus, aliyemfanya mwenzake chombo, baadaye anapasuliwa na polisi na kupandikizwa vifaa vilevile ili awe chombo chao. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Nilikuwa namchukia mtu yule kwa moyo wote, na bado nikajikuta namhurumia, na Donaldson hakuniruhusu hata mara moja nisahau alichomtenda Morn. Waandishi wanaoweza kushika mambo hayo mawili pamoja ni wachache sana.

Ndiyo maana kikundi chetu cha watu wazima kinachokutana Jumamosi kimekipokea kwa mikono miwili. Tunasoma kwa Kiingereza na kubishana kwa Kiswahili, kwa kuwa mezani kuna Walugbara, Wanubi, Waalur na jamaa waliovuka kutoka Ituri, Kongo. Hao wa Ituri, ambao wengine wamefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, ndio waliochangamka zaidi walipofika kwenye habari za polisi wanaomilikiwa na kampuni ya madini, polisi ambao wameificha kinga dhidi ya viumbe wageni ili hofu ya watu iendelee kuwapa nguvu. Mjadala uliendelea mpaka mlinzi akaja kutuomba tufunge. Kitabu hiki kina wenyewe, Ndugu Meneja, na mkiuliza watawaambia kwa nini wanakipenda.

Kijana wenu alinijibu hivi kwenye simu: "Mama, kitabu kikishasomwa hakirudishwi. Kama kina mabaya, kichomeni tu." Kauli hiyo iliniuma kuliko stika. Kampuni inayoishi kwa kuuza vitabu inamwambia mtunza vitabu achome vitabu, na kosa la kitabu ni kwamba ninyi mmekipa jina lisilo lake.

Kuhusu kurudisha: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 hapa Uganda inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Maelezo ni yenu, yamechapishwa kwenye orodha yenu na kubandikwa kwenye jalada. Kuna pia utaratibu wa mahakama wa madai madogo, yale yasiyozidi shilingi milioni 10, na dai letu liko chini sana ya hapo. Nisingependa tufike huko. Tumenunua kwenu kwa muda mrefu na tungependa kuendelea.

Tunachotaka ni mbadilishe nakala nane kwa vitabu ambavyo kweli ni vya S1 na S2, na gharama ya basi iwe juu yenu. Nakala mbili tunabaki nazo kwa rafu ya watu wazima, na tuko tayari kununua vile vinne vinavyofuata kwa bei yake halali, mkituletea vyote kwa pamoja. Stika ziondolewe kwenye nakala zote zilizobaki ghalani na orodha ya bei irekebishwe. Zaidi ya yote, pigieni simu kila shule na kila maktaba iliyochukua kitabu hiki kwa stika ile, leo, kabla likizo haijaisha. Sisi tumebahatika kwa sababu msichana wetu aliuliza. Wengi huwa hawaulizi.

Naomba majibu kwa maandishi kutoka kwako mwenyewe. Kamati ya maktaba inakutana mwisho wa mwezi huu, na barua hii iko kwenye ajenda.

Wako mwaminifu,

Mtunza Vitabu,
Maktaba ya jamii, Arua.

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Maktaba.