Ligi za vyuo nazo zitoe ripoti ya waamuzi

Ndugu Mhariri,

Sisi mashabiki wa Syracuse, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu huko Marekani, huambiwa tuna kisirani, eti mechi ya Februari 22, 2014 ugenini kwa chuo cha Duke ilishapita, tuisahau. Tungepigwa kihalali tungesahau.

Tulikuwa nyuma 60-58, zimebaki kama sekunde 10. Mchezaji wetu C.J. Fair akakata pembeni kwa kasi, akaruka, Rodney Hood wa Duke akisogea kumziba. Mpira ukaingia. Filimbi ikalia: faulo ya mshambuliaji, kikapu hakuna! Kocha wetu Jim Boeheim akavamia uwanja huku akihangaika kuvua koti, akatolewa nje, Duke wakapewa mitupo huru na ikaisha 66-60.

Koti lile lilichekesha Marekani nzima, na sikatai, mzee alitumalizia matumaini yaliyobaki. Ila kicheko kikafunika swali lenyewe. Msimu ule ule kanuni ya faulo hiyo ilikuwa imebadilishwa: mlinzi awe ameshasimama sawasawa kabla mshambuliaji hajaanza kuinuka na mpira. Hood alikuwa amesimama? Tazama miguu yake kwenye video, si uso wa kocha. Mwaka 2023 wakaigusa tena kanuni hiyo, sasa mlinzi anatakiwa awahi zaidi, mshambuliaji anapokanyaga ili aruke. Afadhali.

NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa ya Marekani, tangu 2015 huchapisha ripoti ya dakika 2 za mwisho za mechi zilizobanana, kila uamuzi na hukumu yake. Vyuo vinaingiza mamilioni ya dola kwa mchezo huu. Ripoti kama hiyo haiwashindi.

Shabiki wa Syracuse